Ukuta Ulioishia kwenye Linta

Lipangalala, Ifakara
9 Novemba 1997

Mdogo wangu mpendwa Kelestini,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mimi sijambo, ni huu mguu wa kushoto tu unaonidai kila wingu likitanda, na mwaka huu mawingu hayana adabu, yametanda tangu Oktoba. Wifi yangu Aikande hajambo? Na mwanenu ameshaanza kutambaa, au bado anabebwa kama mtoto wa chifu? Najua Mbeya kuna baridi, lakini kwenye ile picha mliyotuma mmemfunika mpaka pua. Mtoto si ndizi ya kuvundikwa, mwacheni apumue.

Shamba la bondeni tumelilima mapema kwa sababu ya hii mvua wanayoiita Elinino. Wengine wanasema mto utapanda mpaka mashambani, wengine wanasema ni maneno ya redio. Sisi tumepanda, Mungu atajua.

Mama anakusalimu. Anakula, anasali, anagombana na kuku. Tatizo ni kifua, Kelestini. Pumu yake imerudi na safari hii haina mchezo. Juzi alfajiri nilimkuta amekaa kitandani ameshikilia mbao, mabega yanapanda na kushuka, neno halitoki. Tulimkimbiza hospitali wakamchoma sindano, akatulia. Daktari akaniita pembeni, akaniambia, "Mama, dawa nitampa, lakini huo moshi anaoulalia ukiendelea, siku moja mtamleta mmechelewa." Tangu siku hiyo sina raha.

Moshi unatoka chumba cha pili, kinachofuata cha Mama. Mpangaji wa pale anakaanga vitumbua vya kuuza. Kiangazi alikuwa anakaangia uani, hakuna aliyelalamika. Sasa mvua imemwingiza ndani, na jiko lake ni la pumba za mpunga, mwenyewe unaujua moshi wake. Unakumbuka Baba alivyoijenga nyumba hii: vyumba sita mstari mmoja, bati moja juu yake, na kuta za kati zote zikaishia kwenye linta, pale juu ya milango. Juu ya linta ni wazi. Alisema anaokoa tofali, na tena chemli moja ikiwekwa juu ya ukuta inamulika vyumba viwili. Kweli inamulika. Lakini nafasi ya nje, kati ya ukuta na bati, aliiziba yote kwa udongo kwa ajili ya mbu. Kwa hiyo moshi hauna pa kutokea, unazunguka humu humu chumba kwa chumba kama mjumbe anayekusanya michango.

Wewe ndiye fundi wa ukoo. Unajenga maghorofa ambayo watu wanakaa ukuta kwa ukuta na hakuna anayejua mwenzake kapika nini. Niandikie namna ya kuuziba ukuta wa Mama. Nitamwita fundi Masalu afuate maneno yako.

Ni mimi dada yako,
Tekla


Mbeya
30 Novemba 1997

Dada Tekla, shikamoo.

Mpe Mama shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Sisi wazima. Mtoto anatambaa, ameshafika kwenye ndoo ya chokaa akaonja. Aikande amecheka sana hayo ya ndizi, lakini kofia hajaivua.

Habari za kifua cha Mama zimenikosesha usingizi. Nimefurahi umeniuliza kazi, maana kusikitika tu hakujengi.

Hapa tunajenga nyumba za watumishi, ghorofa tatu, familia mbilimbili kila ngazi. Injinia wetu ni mkali kwenye jambo hilohilo lako. Kabla ya plasta anasimama upande mmoja na tochi, mwenzake upande wa pili, giza. Mwanga ukipenya mahali, pale mnabomoa. Anasema ukuta wa kati si wa kushikilia bati, ni wa kumpa kila mtu hewa yake.

Mwambie Masalu apandishe tofali kutoka kwenye linta mpaka zikaribie bati. Mbao za kenchi, zinazobeba bati, zinapopita ukutani ndipo mafundi wengi wanapodanganya: wanaweka tofali kando ya mbao, wanaacha nafasi ya kidole, wanasema plasta itaficha. Plasta inaficha macho, haifichi moshi. Ajaze udongo wa kichuguu pale pote mpaka ushike mbao. Juu kabisa, kwenye migongo ya bati, asishindilie simenti tupu. Bati linapanuka juani na kunywea jua likizama, simenti itapasuka na kudondoka kitandani kwa Mama. Achovye katani kwenye uji wa simenti, aishindilie mgongo kwa mgongo. Akimaliza, chomeni pumba mbichi chumba cha pili, wewe ukae kwa Mama. Pua yako ndiyo itakayokagua.

Sasa nikuulize. Kwa nini tunahangaika na tofali? Huyo mpangaji ni nani hata Mama akose pumzi kwa ajili ya vitumbua vyake? Mhamishie chumba cha sita, au ahame kabisa. Wapangaji Ifakara hawajaisha.

Mdogo wako,
Kelestini


Lipangalala, Ifakara
21 Desemba 1997

Mpendwa Kelestini,

Heri ya Noeli kwako na kwa wifi yangu na huyo mlaji wa chokaa. Sisi tutakula wali na kuku yule aliyekuwa anagombana na Mama. Ugomvi wao umeamuliwa hivyo.

Mto umepanda kweli. Mashamba ya chini yote ni maji, letu limezama nusu. Watu wa redio walikuwa sahihi, tumewaomba radhi.

Masalu ameisoma barua yako mara mbili akacheka alipofikia pale pa nafasi ya kidole. "Huyu mdogo wako ananijua," amesema. Tofali zimefika na udongo wa kichuguu tumeuchimba. Ameniahidi kuanza mvua ikipumzika, lakini haipumziki. Mama amerudishwa hospitali mara moja.

Umeniuliza habari za mpangaji. Ni mama mmoja mtulivu, hana makuu, na Mama anampenda. Ana kabinti kake, kako darasa la pili. Jioni kanasoma kwa sauti kwa mwanga wa chemli ya Mama pale juu ya ukuta, na Mama akiwa kitandani kwake anakasahihisha, yeye asiyeijua hata a. "Rudia hapo," anasema, "hapajakaa vizuri." Kanarudia, kweli panakaa vizuri. Kumhamishia chumba cha sita Mama amekataa, ameniambia nisimguse.

Kuna jambo linanisumbua. Kwa Mama kuna dirisha la upande wa kivuli, linafunguka mvua au jua. Dirisha la chumba cha pili linatazama mvua inakotoka, siku nzima limefungwa. Njia ya hewa waliyo nayo ni hiyo hiyo juu ya linta ya Mama, maana wa chumba cha tatu ameshaziba upande wake kwa magunia na udongo. Tukiiziba, moshi wa kule utatokea wapi? Huko kwenye maghorofa mnafanyaje?

Jibu upesi.
Tekla


Mbeya
18 Januari 1998

Dada, shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Barua yako imefika imelowa, maneno mengine nimeyasoma kwa kukisia. Mtoto amesimama. Mimi nimepandishwa kuwa msimamizi wa gengi la mafundi, kwa hiyo nachoka mdomo badala ya mgongo.

Unauliza tunafanyaje. Kila jiko hapa lina dohani yake ya kupandisha moshi mpaka juu ya paa, na kila nyumba ina matundu yake ya nje. Ukiziba kati ya watu wawili, unamfungulia kila mmoja wao kwake. Hiyo ndiyo kanuni. Lakini dohani si kazi ya kubahatisha, ukiikosea inarudisha moshi ndani na paa linavuja. Masalu hajawahi kuijenga. Na mimi siko huko.

Kwa hiyo nakwambia, ziba. Mama kwanza. Mpangaji ajitegemee. Akibanwa na moshi wake mwenyewe atahama, na hakuna atakayesema tumemfukuza.

Nimekuuliza mpangaji ni nani ukaniambia hana makuu. Hilo si jina. Dada, unanizungusha, na mimi nakujua tangu tukiwa watoto.

Kelestini


Lipangalala, Ifakara
8 Machi 1998

Mdogo wangu Kelestini,

Sisi wazima leo. Mtoto wenu aliyesimama tumempigia vigelegele. Nimechelewa kukujibu, na sitasingizia mvua.

Barua yako ilifika mwanzoni mwa Februari. Nilitii. Masalu aliupandisha ukuta, akajaza kichuguu kwenye kenchi, akashindilia katani mgongo kwa mgongo kama ulivyosema. Tukachoma pumba mbichi kule, mimi nikakaa kitandani kwa Mama nikinusa kama mbwa. Hakuna kitu. Usiku ule Mama alilala chali, jambo ambalo sijaliona tangu mvua zianze. Asubuhi akadai chai mwenyewe. Nilikushukuru kwa sauti, nikawaambia watu wote dukani kwamba mdogo wangu ameniokolea Mama kutoka Mbeya kwa kalamu.

Kisha ikaja mvua ya upepo, ya kutwa na kucha. Yule mama wa vitumbua akakaanga alfajiri, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, mtoto amelala. Sisi upande wa pili hatukusikia lolote. Zamani tungesikia kikohozi cha kwanza. Kilichotuamsha ni mlango kufunguliwa kwa kishindo. Tukatoka, tukamkuta mtoto amepiga magoti kwenye matope, macho yamegeuka mekundu, anavuta pumzi kama Mama alivyokuwa akivuta, na mama yake amemshika kichwa anaita jina lake. Hospitali walimpa hewa ya mtungi. Amepona, lakini kikohozi kimemganda.

Tuliporudi Mama hakumlaumu mtu. Alichukua mto wake na rozari, akamlaza mtoto kitandani kwake, yeye akaenda kukaa chumba cha pili. Nikamwambia, "Mama, kifua chako!" Akanijibu, "Kifua changu kimeshapumua vya kutosha, Tekla. Cha huyu ndiyo kwanza kinaanza."

Sasa nikutajie jina uliloniuliza. Mtoto anaitwa Theresia, somo yake Mama. Mama yake ni Jenifer.

Ndiyo, Jenifer, mjane wa kaka yetu Martin. Wazazi wake kule Namawala, alikokimbilia baada ya tanga, wamefariki, nyumba imechukuliwa na kaka zake, akarudi hapa mwaka jana na mtoto mkononi na sufuria kichwani. Mama alimfungulia chumba bila kuuliza mtu. Akaniambia, "Usimwandikie Kelestini." Nilikuwepo siku ya kuondoa tanga la Martin, usifikiri nimesahau. Wazee walikuweka pale mbele na shati jipya ili umrithi, naye akasimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Martin ameacha baiskeli, rithini baiskeli. Mimi sirithiwi." Watu walicheka. Najua ulivyochekwa. Uliondoka wiki ile ile ukasema jina lake lisitajwe mbele yako, na mimi sikulitaja.

Lakini uliposema akibanwa na moshi atahama mwenyewe, ulikuwa unamsemea mtoto wa Martin. Hukujua. Mimi nilijua, nikaziba. Sijui nani kati yetu atalala vizuri.

Dada yako,
Tekla


Lipangalala, Ifakara
26 Aprili 1998

Kelestini,

Natumaini ninyi wazima, maana hamjasema. Pasaka imepita. Kila siku ya posta nakwenda parokiani zinakofikia barua, Padre ananitingishia kichwa kabla sijafika mlangoni.

Mvua bado ipo. Siku kavu Jenifer anakaanga uani, siku ya mvua anakaanga ndani mlango wazi na mvua inamwingilia mpaka kwenye unga. Mama anahama na mto wake huku na huku. Pumu imemrudia. Mtoto anakohoa. Tumejenga ukuta mzuri kabisa, na sasa wagonjwa ni wawili.

Jenifer ameniambia mvua zikiisha atatafuta chumba kwingine. Nikamwuliza wapi, akainamia unga wake. Mama aliposikia hakula siku hiyo.

Sikuombi umsamehe mtu. Yaliyotokea tangani ni yenu, mtayamaliza au mtakufa nayo. Mimi namwuliza fundi wa ukoo: dohani inajengwaje?

Tekla


Mbeya
17 Mei 1998

Dada, shikamoo.

Mtoto anatembea. Aikande anakusalimu. Barua zako zote mbili zilifika. Ya Machi nimeisoma nikaificha, nikaitoa, nikaificha tena, mpaka Aikande akaniuliza kama nina mwanamke.

Nikamsomea. Sikuwahi kumwambia habari za tanga, alikuwa anadhani nilifuata kazi tu. Alisikiliza yote akasema, "Sasa huyo dada kosa lake ni lipi? Angekukubali, mimi ningeolewa na nani?"

Sitakudanganya, Dada. Bado nina hasira. Si kwa kunikataa. Hata mimi sikutaka, ila hakuna mzee aliyeniuliza. Nina hasira kwamba yeye aliweza kusimama akasema na mimi nikabaki nimekaa, nimevaa shati walilonivisha. Hasira hiyo ni yangu, nitakaa nayo. Lakini moshi ni jambo jingine. Nimezuia hewa ya mtoto wa Martin kwa mkono wangu, kwa maandishi, na kanuni ya kazi naijua. Fundi anayejua na akaziba ni mbaya kuliko asiyejua.

Usimwambie Masalu aguse kitu. Dohani siwezi kuifundisha kwa barua. Mwambie achome tofali ngumu, zisizo na ufa, na unipimie kimo cha ukuta wa nje wa chumba cha pili mpaka kwenye kilele cha bati. Nimeomba likizo ya Juni. Nitashuka kwa treni.

Na yeye asihame. Usiseme nimesema mimi. Sema Mama amesema.

Kelestini


Lipangalala, Ifakara
19 Julai 1998

Mdogo wangu mpendwa Kelestini,

Salamu nyingi kwako, kwa Aikande na kwa mtembeaji. Zile soksi za sufu wifi alizompa Mama anazivaa kwenye joto hili, hataki kuzivua, anasema mkwe wake asije akasikia. Mvua zimekatika kabisa, nyanda zimeanza kukauka, na mpunga tuliodhani umeoza umetoa chochote, tutakula.

Tangu uondoke nimekagua kazi yako kila siku kama injinia wako. Dohani inavuta vizuri. Jenifer akiwasha pumba, moshi unanyooka juu ya bati unakwenda zake Kilombero, hauulizi mtu. Vile vitundu ulivyotoboa chini ya bati kwa nje, ukavifunika wavu wa chuma, vinaingiza hewa na mbu wamebaki kuchungulia. Wapangaji wa vyumba vingine wamekuja kuniuliza zamu yao lini, ikabidi nimwite Masalu, na safari hii alikuwa amekutazama kazini, kwa hiyo hana kisingizio.

Mama analala chali. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba kimya kimezidi, hamsikii somo yake akisoma. Mtoto mwenyewe ndiye aliyelimaliza. Jioni anazunguka kwa mlango na kitabu chake, anapanda kitandani kwa Mama, anasoma wamebanana kwenye chemli moja. Kikohozi kimekwisha. Mama amegundua kwamba mtoto ana kishimo kwenye kidevu kama cha Martin. Mwaka mzima alikuwa anamsikia tu, hakuwahi kumwona kwa karibu namna ile jioni. Alilia, kisha akamwambia arudie ukurasa.

Sasa niseme lile ambalo najua umelitafuta tangu mstari wa kwanza. Nilikuona kwa muda wote uliokaa hapa. Ulikuwa unapanda ngazi asubuhi na kushuka jioni, yeye anapita chini yako na beseni la vitumbua, na hamkuambiana hata habari za leo. Vile vitumbua vilivyokuwa vinakufikia juu ya ngazi mkononi mwa mtoto, sikumtuma mimi. Siku ya treni uliaga kila mtu, kwake ukatazama mlango ukaondoka.

Jana nilikuwa naandika barua hii, akaingia kuomba kiberiti. Nikamwambia, "Namwandikia Kelestini. Una neno?" Nilidhani atakataa. Alikaa kwenye kigoda, akacheka kidogo, kicheko ambacho sijakisikia tangu tumzike Martin. Akasema:

"Mwambie shemeji, kumbe mtu angeweza kunijengea dohani bila kunioa. Wangeniambia hivyo siku ile, nisingeondoka."

Nami nimeandika kama alivyosema.

Dada yako,
Tekla